Nimefikiria Namba



Wasomaji wetu wapenzi, wiki tatu zilizopita safu hii haikutoka, na baadhi yenu mliuliza kulikoni. Tulikuwa safarini. Dada yetu mkubwa ameolewa na mtu wa Bungoma, na watoto walipofunga shule mwezi wa Aprili tulialikwa harusi ya binti wa shemeji yake huko, kisha tukapumzike siku chache Kitale, ambako dada na mumewe wana shamba lao. Yatakayosemwa hapa juu ya nyumba ya Kitale yamesomwa kwanza na dada yetu pamoja na mwanawe, nao wameturuhusu tuyaandike.

Kutoka Mombasa hadi Bungoma kwa basi ni mchana uliobaki na usiku kucha. Tuliondoka saa nane mchana na watoto wawili: mvulana wa miaka 13 na binti wa miaka 10. Kabla ya kuvuka Mariakani tulikwisha kuzikusanya simu zote na kuzitia mkobani. Tukiri kwamba haikuwa hekima. Tulihofu tu kuishiwa na chaji. Kwa muda wa nusu saa watoto walituangalia kama watu waliodhulumiwa. Kisha yule mvulana akasema, "Haya, nimefikiria namba kati ya 1 na 100. Itafuteni."

Masharti yake ni mepesi. Mmoja anaficha namba moyoni, mwenziwe anataja namba yoyote, naye mwenye siri anajibu kwa neno moja, "Juu" au "Chini", mpaka ipatikane. Haihitaji karatasi, taa wala meza. Wale miongoni mwenu ambao safari zao ni za ndege, kwenda Jeddah kwa Umra au Maskati kuwazuru jamaa, wataona kwamba unachezeka vilevile angani, na jirani wa kiti cha tatu hatasumbuka.

Binti yetu hakutaka kucheza. Muhula uliokwisha alirudi nyumbani na alama 31 katika hisabati, na mtu mzima mmoja, ambaye hatutamtaja, alimwambia mbele ya wenziwe kwamba hesabu si za kila kichwa. Neno hilo lilimwingia. Tangu siku ile, ikitajwa namba, yeye hutazama dirishani. Tulimwomba acheze kwa ajili ya kumfurahisha kakaye tu, akakubali shingo upande, akawa anataja namba kwa namna anavyochagua rangi ya utepe: 7 kwa kuwa aipenda, 99 kwa kuwa ni kubwa, 12 kwa kuwa ndiyo nambari ya nyumba ya bibi yake. Mara ya kwanza alikisia mara 19. Kakaye, aliyejiona bingwa, alikisia mara 11.

Tulipopita Voi alinyamaza kwa muda mrefu, tukadhani amelala. Kumbe alikuwa akiwaza. Zamu yake ilipofika akasema, "50."

"Juu," akajibu kakaye.

"75."

"Chini."

Akaipata kwa mara ya sita. Wakarudia, mara ya saba. Wakarudia tena, mara ya tano. Mvulana akasema anaibiwa, ndipo binti akaeleza, na maneno yake tuliyahifadhi kama yalivyotoka: "Nikisema 50, hata ukijibu juu au ukijibu chini, nusu ya namba imekufa. Basi mimi nauwa nusu, halafu nusu, halafu nusu."

Ndivyo ilivyo hasa. Kati ya 1 na 100, mwenye kukata katikati hahitaji kukisia zaidi ya mara saba. Kati ya 1 na 1,000 zamtosha mara kumi. Na hata namba ikifichwa kati ya 1 na 1,000,000, mara 20 zaipata bila ya shaka. Mtu akisikia habari hii kwa mara ya kwanza huikataa, kwa kuwa akili yetu yaona milioni ni mbali mno na mia. Ila jambo hili halikuwa geni pwani. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ukizigawa kete 64 nusu kwa nusu wapata 32, kisha 16, 8, 4, 2, mpaka ibaki moja. Ni mikato sita tu. Baba zetu waliokuwa wakicheza bao barazani baada ya Alasiri walizishika namba hizo kwa viganja vyao maisha yao yote.

Magharibi ilitukuta Mtito Andei. Tuliposhuka kuswali, binti akauliza kwa nini Isha imekuwa rakaa mbili. Tukamweleza habari ya kupunguza sala safarini, nasi tukamtegea: nyumbani tuna rakaa 17 za faradhi kwa siku, je, msafiri anayepunguza ana ngapi? Akahesabu kwa vidole akitembea kurudi basini. Alfajiri haipungui, ni mbili. Magharibi haipungui, ni tatu. Adhuhuri, Alasiri na Isha zinashuka kutoka nne hadi mbili kila moja. "Kumi na moja," akasema, na hakututazama kama anayeomba ruhusa ya jibu lake. Jambo hilo sisi tuliliona, ingawa hatukulisema.

Hapo kakaye, ambaye alikuwa amekwisha kushindwa mara nyingi, akaja na shauri jipya: kila mmoja aweke pipi mbili, na mwenye kushinda azichukue zote. Tukakataa. Akauliza, "Pipi tu, Mama?" Swali la haki. Tukamjibu kwamba mchezo ni halali ya watoto na wazazi wao, lakini kila mmoja akitia chake, mmoja akaondoka na vyote na mwingine akaondoka mikono mitupu, hiyo ni sura ya kamari, ambayo Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja pamoja na ulevi. Kama ni zawadi, sisi tutaitoa mfukoni mwetu kwa atakayeshinda, na aliyeshindwa hatapungukiwa na kitu. Wapo kina mama watakaotuona wagumu kwa pipi mbili. Tulijiona hivyo wenyewe pale Mtito Andei. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi amwendee shekhe wa mtaa wake.

Usiku ule mvulana alijaribu kulipiza. Akamwambia dadaye: fikiria namba, izidishe mara mbili, ongeza 10, gawa kwa mbili, toa ile namba uliyoifikiria, jibu lako ni 5. Binti akastaajabu. Tukamnong'oneza kwamba wanazuoni wa Kiislamu wa kale walikuwa na njia ya kuufungua mchezo kama huu. Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu ambacho jina lake limo neno al-jabr, na ndiko lilikotoka neno aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu mirathi na wasia, yaani ni elimu iliyotumika kuwagawia watu haki zao. Na namba isiyojulikana, wanahisabati wa Kiarabu waliiita shay, kwa lugha yetu "kitu". Basi tukamwambia: usiijue namba, iite kitu. Akaanza taratibu gizani: "Kitu mara mbili. Ongeza 10. Gawa kwa mbili, kitu kimoja na 5. Toa kitu... yabaki 5! Kaka, kitu chenyewe hata hakina kazi!" Abiria wa mbele akageuka akacheka. Tukawalaza.

Baridi ya Timboroa iliwaamsha, Alfajiri tukaiswali Eldoret, na jua lilipokuwa limepanda kidogo tulikuwa tumepita Webuye na kuingia Bungoma.

Habari za harusi hatutazirefusha. Ilikuwa njema na biriani ilitosha. La kuandikwa ni moja. Mzee mmoja wa Kibukusu, jirani wa wenyeji wetu, alipoulizwa umri wake na watoto hakutaja miaka, alitaja rika lake la tohara. Kisha akawatania: "Tafuteni wenyewe mwaka niliotahiriwa." Binti akaanza kukata katikati. Mzee akamzuia. "Wewe wapoteza maswali. Sisi hutahiri miaka shufwa tu, mwezi wa nane. Nusu ya miaka umekwisha kuondolewa kabla hujafungua kinywa." Watoto wetu walikuwa wakilijua neno witiri kwa sala yake ya usiku, lakini ndugu yake, shufwa, walikuwa wamelisoma darasani bila ya kulitilia maanani. Siku nzima iliyofuata kila kitu kikawa ama shufwa ama witiri: ngazi za nyumba, viti vya matatu, kuku wa jirani.

Kutoka Bungoma kwenda Kitale tulirudi Webuye, kisha tukafuata barabara ya kaskazini kupitia Kamukuywa na Kiminini, Mlima Elgon ukiwa kushoto kwetu na kilele kimefunikwa. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na mwezi wa Aprili ni wakati ambao hakuna anayekaa bure: mvua za masika zimeshuka na kila shamba lataka mbegu na mbolea kwa pamoja. Ajabu ni kwamba shamba la dada yetu lilikuwa limelimwa tu, halijapandwa. Tulipouliza, dada akasema mbolea imechelewa. Mwanawe alikwenda kuichukua akaambiwa ghala limeishiwa. Tukalipokea neno hilo kama lilivyo.

Mwanawe huyo ana miaka 19. Ni kijana mwenye adabu, ambaye tangu utotoni akija Mombasa hutubusu mkono na kutuita Khalati kwa sauti ndogo. Safari hii tulimwona amekonda, simu haimtoki mkononi, na kila ikilia huigeuza kifudifudi.

Jioni ya pili tulikaa barazani sote tukipukuchua mahindi makavu yaliyosalia ghalani. Dada yetu, ambaye aliacha shule darasa la saba, akawaambia watoto: "Nyinyi mwajua michezo ya Mombasa. Huu ni wangu. Chukua hindi lolote kwenye gunia, usilitazame. Safu za punje zake ni shufwa au witiri?" Mvulana wetu akasema witiri. Wakazihesabu kuzunguka hindi: 14. Mara ya pili binti akasema witiri, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa shufwa na sasa ni zamu ya nyingine. Zikawa 16. Mara ya tatu 12. Mara ya nne 14. Dada yetu kila mara alisema shufwa, na kila mara alipata, na uso wake haukubadilika. Baada ya mara nane mvulana akatupa hindi chini. "Mama mkubwa anajua!"

"Najua, ndiyo," akasema. "Mahindi hayana safu witiri. Nimeyapukuchua miaka 20." Ni kweli, maua ya hindi huota mawili mawili, ndiyo maana safu zake huwa shufwa, isipokuwa kwa nadra. "Ningewatoza shilingi kumi kila mara," akaongeza, "mngekuwa mmenipa nauli zenu za kurudia."

Watoto wakacheka. Kijana hakucheka. Akalishika lile hindi, akalizungusha mkononi, akazihesabu safu zake mwenyewe. Kisha akamwambia binti yetu, "Hebu na mimi. Nimefikiria namba kati ya 1 na 10,000."

Binti akafurahi, namba kubwa ndiyo sifa yake siku hizi. Akatangaza kwamba haitazidi mara 14. "5,000."

"Juu."

"7,500."

Hakujibu. Binti akangoja, akadhani amesahau, akasema tena, "Kaka, 7,500. Juu au chini?"

"Ndiyo hiyo," akasema.

Mara mbili tu, katika namba 10,000! Binti akaruka, akapiga makofi, akatutaka sote tushuhudie. Tulikuwa karibu kushangilia naye ndipo tukaona mikono ya dada yetu imesimama juu ya ungo. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ni shilingi 2,500. Alikuwa amempa mwanawe fedha za mifuko mitatu.

Hakuna aliyepaza sauti. Dada aliwaambia watoto waende wakamsaidie baba mkubwa kufunga ng'ombe, nao wakaenda, binti akiwa bado anajisifu. Kisha akamuuliza mwanawe, "Ghala halikuishiwa?"

"Halikuishiwa, Mama."

Ni ule mchezo wa simu ambao vijana wengi wa Kenya wanaujua, wa ndege inayopaa, na fedha yako yaongezeka kadiri inavyopaa, nawe watakiwa uitoe kabla haijatoweka. Alianza kwa shilingi 50 zikawa 400 usiku mmoja. Laiti angezipoteza zile 50 usiku ule! Alipopewa 7,500 alidhamiria kuzifanya 15,000, anunue mbolea na amzawadie mamaye kilichobaki. Ziliisha kabla ya saa sita ya usiku. Akatuambia, "Khalati, nilikuwa naisoma. Nilikuwa naandika ilipotoweka kila mara, nikaona ina mpango. Ikitoweka mapema mara tatu, lazima ya nne ipae." Tulimkumbuka binti yetu na lile hindi la pili: sasa ni zamu ya witiri.

Kesho yake, baada ya chai, tulikaa naye pamoja na mvulana wetu na kikokotoo. Hatukutaka kumwonya, alikuwa amekwisha kujionya kuliko tuwezavyo. Tulitaka kuhesabu. Tukasema, tuchukulie mwenye mchezo ni mtu wa huruma, akusanyapo 100 arudisha 97 kwa wachezaji, ajiwekea 3 tu. Nani ataona 3 katika 100? Mtu atie shilingi 1,000, na kila anachopata akitie tena. Kwa wastani, duru ya kwanza yabaki 970. Ya pili 941. Ya tatu 913. Duru ya 23, ziko chini ya 500. Duru ya 100, zimebaki kama 48. Wapo watakaotoka na furaha katikati ya njia, na hao ndio wanaosimuliwa vijiweni. Jumla ya wote ni hiyo. Na duru moja ni sekunde chache. Duru 100 ni jioni moja ya mtu aliyelala chali kitandani akidhani anapumzika.

Kijana akakitazama kikokotoo. "Na katika mchezo wa binti yenu," akasema polepole, "kila jibu lapunguza yaliyobaki. Ule mwingine hata ukicheza mara elfu, ya elfu na moja haikuambii kitu."

Hatukuwa tumelifikiria hivyo sisi wenyewe. Tumekuwa tukilizungusha neno hilo akilini tangu siku ile. Binti yetu na mpwa wetu wote wawili walikuwa wakikisia, na mtu akiwatazama kwa mbali angesema wafanya jambo moja.

Baba mkubwa, ambaye ni mpole lakini si mwepesi wa kusamehe fedha, alikopa kwa nduguye wa Bungoma mifuko miwili, na shamba likapandwa kwa mbolea pungufu. Programu ile ikafutwa, na simu kubwa ikabadilishwa kwa mulika mwizi. Dada yetu hakuridhika na hayo. Alimpangia mwanawe kulipa kwa jembe: kila siku ya palizi katika shamba la jirani, nusu ya ujira aitie mkononi mwa mamaye, mpaka zitimie 7,500. Tulimuuliza dada kama haoni ni adhabu nzito kwa kosa aliloungama mwenyewe. Akajibu kwamba si adhabu, ni deni, na deni lina mwisho.

Siku ya kuondoka kijana alitusindikiza hadi stendi ya Kitale. Alimpa binti yetu hindi moja la kwenda nalo, akamwambia alihesabu Mombasa, huenda akapata lile la nadra. Tumelihesabu mara nne. Ni 16.

Shule zimefunguliwa. Alama za muhula huu hatuzijui bado. Lakini kila Ijumaa baada ya sala binti hupiga simu Kitale, na kabla ya salamu kumalizika huuliza deni limebaki ngapi, na kijana hamwambii. Humwambia, "Ni kati ya 1 na 7,500," naye huanza, 3,750, juu, na sisi tukiwa jikoni twasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Ijumaa iliyopita ilikuwa 5,900.